Picha ya Vijidudu Iliyoingia Chumbani Kwangu

Kasulu,
7 Novemba, 1974.

Ndugu Bwana Afya wa Wilaya,

Shikamoo. Mimi ni yule karani wa masjala aliyekushikia picha siku ya semina ya usafi. Nakuandikia kwa heshima na kwa woga, kwa sababu mke wangu Epifania amefunga mzigo. Jumamosi baba yake anakuja ama kutupatanisha ama kumrudisha kwao Nyakitonto, na chanzo, samahani sana, ni wewe.

1. Ulisema kinywa cha binadamu kina vijidudu vingi kuliko choo. Mimi niliandika. Wenzangu waliosinzia wanaishi vizuri na wake zao.

2. Tangu siku hiyo, Epifania akinisogelea namwona yule mdudu wako mwenye miguu mingi, uliyemchora mkubwa kama mbuzi, na unyumba unanishinda. Nilimwomba asukutue kwa maji ya chumvi, akasukutua. Nikamwomba asugue kucha, akasugua. Nilipomletea dawa ya kuoshea sakafu aliniuliza, "Wewe Reverien, ulioa mtu au ulioa sabuni?"

3. Jasho hukulitaja. Kwa kukosa mwongozo, nalala jikoni wiki ya tatu sasa.

4. Baba mkwe, Mzee Venanti, atakuja na chungu cha pombe ya ndizi. Kwetu ugomvi wa ndoa humalizwa kwa mrija mmoja: ananyonya mzee, ananyonya mke, ananyonya mume. Ukiukataa mrija, umemkataa binti. Mzee ana meno matatu na anavuta ugoro.

Kwa hiyo naomba kibali chenye muhuri kwamba vijidudu vya mke haviwahusu waume. Kikikosekana, naomba mrija wa Serikali. Ukikosekana nao, uje mwenyewe Jumamosi unyonye kabla yangu, nami nitakutazama kwa muda wa kutosha.

Wasalimie mama na watoto, wakishanawa. Wasalimie wote ofisini, kwa mbali.

Mtiifu wako katika usafi,
Reverien Nsabimana

N.B. Leo ni Jumatatu. Barua ilichelewa kwa sababu niliogopa kulamba stempu. Mzee Venanti alikuja, akanyonya, akapiga chafya juu ya chungu, akampa mrija binti yake. Epifania akanyonya taratibu huku ananitazama, povu likambaki mdomoni. Akaniambia, "Haya, Bwana Sabuni." Nikaupokea mrija ukiwa bado na joto lake. Yule mdudu wako nimekuja kumkumbuka leo saa nne asubuhi, nikiwa nimeshachelewa kazini. Mkeka wa jikoni analalia kuku.

Kibali hakihitajiki tena. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu imekwisha kuingizwa kwenye kitabu cha barua, na aliyeiingiza ni mimi. Stempu amelamba Epifania. Aliilamba vibaya, nikairudia mimi, upande uleule.