Mwenye Oili Aonje Kwanza

Tumainieli alipoiona pikapu ya Mama Rogathe imefunuliwa boneti na kumwagwa oili yake kwenye gereji ya fundi Sindato, pale Same mjini, moyo ulimruka kwa furaha. Pikapu ile ilikuwa na injini yenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, na mama huyo alikuwa na pikapu nyingine za namna hiyo, za kushushia tangawizi kutoka milimani. Tena alijulikana mji mzima kwa kupenda vya bei chee. Mteja wa aina hiyo huombewa sala kabla ya kuliwa.

Alifungua buti la gari lake jeusi. Makopo ya oili yaling'aa humo, nembo mpya, vifuniko vipya. Yaliyomo ndani tusiyataje mapema. Gari lenyewe nalo lilikuwa la tabo, na ndilo mali yake yote duniani: ndilo duka, ndilo ofisi, ndilo lililomfanya mama wa mchumba wake aanze kumwitikia salamu. Asubuhi ile alikuwa amelibadilishia oili, sinthetiki halisi, ile ya bei ya juu isiyoungua upesi, aliyoifuata mjini Moshi. Tapeli si mwendawazimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini? Maana umeanza kutabasamu toka kule barabarani."

"Nauza uhai wa injini. Mama, tabo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inapata moto kweli kweli. Oili ya kawaida inaungulia mle, inaganda, tabo inakufa. Hii ni sinthetiki tupu. Haiungui, na asubuhi ya baridi inapanda juu chap!"

Yote hayo yalikuwa kweli. Tumainieli alisema kweli kila mahali isipokuwa ndani ya kopo.

Aliposikia bei, Mama Rogathe aligusa fundo la hela kwenye khanga yake. "Nachukua zote. Ila kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni apokee kata. Weka kwako tuone."

"Kwangu kuna oili ya zamani, mama, nasubiri muda wake wa kumwagwa ufike." Angesema tayari anatumia hiyo hiyo angepona, lakini wazo hilo lilichelewa.

"Muda ndiyo huu. Sindato, mwaga!"

Wapakiaji wa tangawizi wa Mama Rogathe walishasogea. "Mwenye pombe aonje!" walishangilia. Kukataa kungekuwa kukiri sumu. Tumainieli alijiliwaza kwamba injini itaunguruma kidogo tu, hela ataipata, kisha oili hiyo ataimwaga mbele ya safari.

Oili ya Moshi ilishuka kwenye beseni safi, rangi ya asali. Mama Rogathe alichovya kidole, akanusa, akaona haijaungua hata kidogo.

"Hii ya zamani, kwa kuwa unaitupa, fundi nimiminie mimi."

Tumainieli aliumia hadi kwenye mifupa. Akafungua kopo lake la kwanza.

Makopo yake yalipokwisha kuingia kwenye gari jeusi, mama alifunga boneti yake. "Haya, tupande kidogo barabara ya Mbaga. Kuonja si kulamba."

Fundo la khanga lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo Tumainieli aliwasha gari lake, akapanda. Mlima ulipoanza kukaza, tabo ilipiga filimbi, filimbi ikawa kilio, moshi wa buluu ukatoka nyuma ukinukia maandazi. Gari likazima katikati ya kona. Tumainieli aliegemea usukani, machozi yakimlengalenga.

Pikapu ilisimama nyuma yake, injini ikiunguruma kwa ulaini wa kutia wivu. Juu ya bodi yake wapakiaji walikuwa wakinusa hewa na kusukumana.

"Kamba ninayo," alisema Mama Rogathe. "Ila kwanza niambie kwa kinywa chako, makoponi mna nini?"

Tumainieli aliutazama mteremko wote hadi Same, akalitazama gari lake.

"Oili chafu niliyochuja, mama. Na mafuta ya kupikia kidogo, ya kuitia rangi."

"Kidogo?"

"Nusu kwa nusu."

Mama alimrushia kamba. Ilikuwa mara ya kwanza Tumainieli kumweleza mteja ukweli wote wa bidhaa yake, na siku hiyo hakuuza hata kopo moja.