Kapteni, Mtoto wa Mbweha

Jumatatu, 2 Juni 1952
Mjomba Alois kashuka kwenye treni kutoka Igalula na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Mama yake ni mbwa wa nyumbani. Baba yake, anaapa Mjomba, ni mbweha. Masikio makubwa, macho ya njano. Nimempa jina Kapteni. Msichana anayeshindwa kumwamkia mwalimu kwa sauti, leo ana mnyama wa mwitu!
Baba kauliza nani atajenga ua, nani atamlisha, nani atampeleka kuchanjwa. Nimesema mimi. Nimesema upesi mno.

Jumanne, 3 Juni
Sista Bertila wa shuleni kaniazima kitabu cha Kiingereza cha kufuga mbwa. Kinasema mwenye damu ya mwitu anataka ua uliochimbiwa chini, nyama kila siku, na bwana mwenye sauti ya amri. Nyama kwetu ni Jumapili. Ua: nimesimamisha matawi ya miiba. Sauti ya amri nimeifanyia mazoezi chooni. Nikamwamuru akae, kwa Kiingereza. Hakukaa. Nikamnong'oneza kwa Kinyamwezi. Akapiga miayo.

Jumatano, 4 Juni
Kapteni kamla tetea wa Mama, yule mtagaji. Baba kasema kuku mwingine wa nyumba hii akiguswa, mbwa arudi Igalula. Nimelia. Kapteni kanilamba machozi. Alinuka manyoya.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata akili. Jirani yetu Mzee Mabruki ni Mzaramo. Babu zetu walibeba mizigo pamoja hadi pwani, na tangu hapo sisi ni watani. Mwezi jana alimnyang'anya Baba kofia kichwani, na Baba akacheka tu, maana mtani hakasirikiwi. Tena Baba alisema kuku wa nyumba hii. Hakutaja kuku wa Mzee Mabruki.
Nimeondoa miiba upande wake. Kufika alasiri, jogoo wa Mabruki kaliwa. Najua ni dhambi. Nitaungama Jumamosi.

Ijumaa, 6 Juni
Mzee Mabruki kweli hakukasirika. Kaja anacheka, kamfunga Kapteni kamba shingoni, kaondoka naye. Kumbe na sisi haturuhusiwi kukasirika. Upande huo sikuufikiria.
Kasema tukimtaka tumkomboe kwa kuku. Baba kajibu kwamba kwa ajili ya mbwa yule hatoi hata unyoya. Mabruki kasema vema, Mnyamwezi, basi nimeoa kwenu bila mahari. Wamecheka wote. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda kumwomba Mzee Mabruki anirudishie Kapteni. Shikamoo ilitoka. Mengine yalikwama. Mkewe, Mama Mwanajuma, kaniuliza kama naumwa tumbo. Nikaitikia ndiyo, nikanyweshwa mwarobaini.
Kapteni amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Hakuniangalia. Alikuwa anatafuna kitu cha ngozi. Nimerudi nyumbani mdomo mchungu, bila mbwa. Kuungama pia sikwenda. Foleni ilikuwa ndefu.

Jumapili, 8 Juni
Tumetoka Misani, tumemkuta Mzee Mabruki mlangoni, peku, kashika kamba, na Kapteni mwishoni mwake. Kapteni kala makubadhi yote mawili, kala sabuni, kalamba samli mpaka chini ya chungu. Mama Mwanajuma kamwambia mumewe achague, mke au mbwa.
Kamkabidhi Baba kamba, akasema: "Mnyamwezi, chukua ndugu yako. Nimetaniwa na watu wa bara toka utoto wangu, lakini huyu kawashinda wote."
Baba kacheka hadi kashika ukuta. Kasema mnyama aliyemshinda Mzaramo hatoki nyumba hii. Kapteni anabaki! Ila nichimbe ua wa kweli, na kesho nimpeleke kuchanjwa.
Nimegusa udongo kwa jembe. Mgumu kama jiwe. Nimewaza sana. Shida ya Kapteni si ua, ni upweke. Mjomba Alois anasema Igalula kabaki dada yake Kapteni, hana mwenyewe. Nimemwambia amlete. Wakiwa wawili watachungana.