Mashanza Ndani ya Bote

Leo nimeaibika mpaka kwenye vidole vya miguu. Si mfano! Vidole vyenyewe vinanuka maziwa hadi sasa hivi.

Mnajua nampenda Furaha wa Kirolirwe. (Asiyejua alikuwa wapi? Nimeimba jina hilo humu kila siku.) Leo nilikwenda kwao kujionyesha kwa baba yake. Akiniona mtu, wazee wangu wa Itebero watakuja kuongea mahari. Akiniona wa ovyo, basi, narudi msituni peke yangu.

Tatizo lilikuwa moja: mashanza, yaani maziwa mgando. Kwao ni wafugaji, na mgeni hupokelewa kwa kikombe kilichojaa. Mimi ni mwalimu, mtoto wa msituni, ng'ombe nilimjua kwenye kitabu cha shule. Mashanza yakinifika puani tu, tumbo linaanza maandamano. Na Furaha alishanionya: "Kwetu muntu akikatala maziwa, iko anatukatala siye wenyewe." Kwa hiyo mama yake aliponiuliza kama nakunywa, nikajibu, "Mama, njo chakula yangu!" (Yaani, ndicho chakula changu hasa. Uongo mtupu, na tabasamu juu.)

Tulikaa barazani, mimi na bote (buti) zangu za mvua, za kuazima, kubwa kuliko miguu. Mama akaingia jikoni. Papa, yaani baba yake Furaha, akageuka kumfokea mbwa. Nikaona njia. Kikombe chote kikaingia kwenye bote ya kulia. Baridi! Nilisahau jambo moja tu: kwao kikombe kitupu ni ombi. Mama akarudi. "Oh, muwalimu anapenda kweli!" Akajaza tena. Mbwa akafokewa tena, bote ya kushoto nayo ikapata haki yake (safari hii nikabakiza kidogo kikombeni).

Papa alifurahi, akauliza habari za somo langu la Kiingereza. "Banasema unafundisha Anglais. Juma hii munasoma nini?"

Ningeweza kusema wanyama. Ningeweza kusema rangi. Lakini mdomo wangu haunipendi. "Papa, tunasoma maneno ya uongo. Bangereza bana maneno mingi. Lie, ni kusema uongo. Cheat, ni kuiba mu examen. Pretend, ni kujifanya vile hauko."

"Toa mufano."

"Mwanafunzi anashika tumbo, eti iko mugonjwa, kumbe anakimbia examen."

Papa akacheka, akarudia: "Pretend! Pretend!" Nikajiona nimeshapewa mke.

Ndipo Mama akatoka na beseni la maji ya vuguvugu, Furaha nyuma yake. "Chakula iko tayari. Vula bote, nikunawishe miguu, uingie mu nyumba."

"Mama, niko bien hivi, niko muzuri."

"Bote ya matope haiingiake mu nyumba yangu."

Furaha akanikazia macho. Nikavuta ya kulia. Pwaaa! Mashanza yakamwagika uani, meupe, mazito, na soksi yangu katikati. Mbwa akaja mbio (huyo ndiye pekee aliyenishukuru). Furaha akajifunika uso kwa kitenge.

Papa akainama, akatazama. "Na ile ingine."

Nikavua na ile ingine. Jamani!

"Muwalimu," akasema polepole, "hii yako iko lie, ao iko pretend?"

Na mimi, mwalimu mpaka kaburini, nikajibu: "Papa, iko yote mbili."

Aliangua kicheko mpaka kofia ikaanguka. Mama hakucheka. Alinishika mguu, akausugua kama sufuria iliyoungua, huku akinigombeza: "Mutoto wangu, si ungesema tu? Ningekupikia chai!" Ile "mutoto wangu" ilinipiga moyoni. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli.

Nilipoaga, Papa akanishika bega. "Ambia wazee yako bakuye."

Yaani waje kuongea mahari! Nilitaka kuruka! Lakini kabla sijaruka, alikuwa ameshafunga kidumu kikubwa cha mashanza nyuma ya pikipiki yangu, zawadi ya wazee wa Itebero. Akaniuliza: "Batakunywa?"

"Sana, Papa! Kwetu yote tunapendaka."

Neno la Kiingereza la jibu hilo ninalijua vizuri. Lakini leo nimefunga shule.