Tepu binti Fundi, Nchi Tatu na Koti Lililosimama Lenyewe

Leteni wino na karatasi, enyi mlio karibu. Na kama wino umekauka, leteni hata chaki ya kuchoria vitambaa, maana habari hii haina subira. Sogeeni, mliokaa na mliosimama, wenye shughuli na wenye kujifanya mna shughuli. Wengine wamewasimulia majemadari waliobomoa ngome na wafalme waliogawana dunia vipande vipande. Hao waacheni walale salama. Mimi nawasimulia kidole kimoja cha binti mmoja, na jinsi kilivyosita juu ya kipanya cha kompyuta tangu alasiri hadi jua kuzama, huku ukoo mzima umebana pumzi.

Binti huyo ndiye Tepu, mwenye futi shingoni, asiyedanganywa hata na robo inchi. Jina hilo alipewa utotoni, alipokuwa akiiba futi ya baba yake na kupima kila kilichotulia: milango, paka, na pua za wageni waliosinzia. Baba yake ndiye Fundi, bwana wa cherehani, mpunguza viuno na mshusha mapindo, ambaye maneno yake yalikuwa machache kama vifungo vya shati la mtoto. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka, chenye meza ya kukatia, pasi, kioo cha kujitazamia na rafu za vitambaa. Na ukutani, juu kidogo ya goti la mtu mzima, ulipita mstari wa rangi ya tope. Hapo ndipo maji yalipofika mvua zilipokuwa kubwa, na chini ya mstari ule hakikuwekwa kitambaa chochote.

Basi ikawa kwamba Tepu alifaulu, na kufaulu kwake si kwa kubahatisha. Shirika moja la ufadhili, la mbali na lisilojua mzaha, likamwambia: chagua nchi moja kati ya hizi tatu, nasi tutakusomesha uhandisi huko. Wala halikuwa jambo la kwenda kuonja muhula mmoja na kurudi na picha. Ilikuwa shahada nzima, miaka minne, tangu siku ya kwanza darasani hadi siku ya kuvaa joho. Chaguo lilikuwa moja, halibadilishwi, na siku ya mwisho ilikuwa ile ile ninayowasimulia, jua likizama.

Nchi zile zina majina yake kwenye ramani, lakini nyumbani mwa Fundi hayakutumika. Ya kwanza iliitwa Nchi ya Theluji. Ya pili iliitwa Nchi ya Mjomba, kwa kuwa kaka yake mama alihamia huko. Ya tatu iliitwa Nchi ya Mvua, na hiyo haikuwa na mtetezi hata mmoja, isipokuwa moyo wa Tepu, ambao ulikuwa umekaa kimya kama maji mtungini.

Alikaa kimya kwa sababu ya koti.

Habari za ufadhili zilipofika, Fundi hakusema hongera. Aliinuka, akachukua mkasi, akaliweka kando gauni la bibi harusi aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi, akakata koti. Theluji hakuwahi kuiona. Alimuuliza mteja mmoja, naye mteja alikuwa amesikia kwa shemeji yake, basi Fundi akajenga kwa tahadhari: nje sufu nzito, ndani blanketi, katikati sponji, kisha blanketi jingine kwa usalama wa lile la kwanza, na mwisho bitana laini isiyopitisha maji. Alipoliweka sakafuni ili apumzishe mikono, koti likasimama. Halikuwa na mtu ndani wala kitundikio. Likakaa pale kando ya mlango kama mkaguzi wa serikali, na mteja mmoja mwenye macho dhaifu akaliamkia shikamoo, akanuna alipokosa jibu.

Sasa jueni sheria ya nyumba ile. Kila mteja aliyebadili mawazo aliambiwa na Fundi neno moja: "Kitambaa kikishaonja mkasi hakirudi dukani." Hapo mjadala ulikwisha, awe mteja ni mwalimu au askari. Kwa hiyo koti lilipokatwa, watu wa nyumbani waliona kwamba na nchi nayo imekatwa. Shangazi, dada yake Fundi, mpiga mbiu wa mtaa, akawatangazia majirani theluji hata kabla vifungo havijashonwa. Tepu alimtazama baba yake akiinama juu ya sufu ile, jasho likimdondoka, akaona kwamba kulikataa koti ni kumkataa yeye. Akaumeza ukweli wake, nao ukamkaa kooni.

Siku ya mwisho ilipofika, majeshi yakakusanyika dukani. Kompyuta iliwekwa katikati ya meza ya kukatia, baina ya mkasi na kopo la pini, ikionyesha nchi tatu na kitufe kimoja. Upande wa kulia alikaa Shangazi na kanga yake amejifunga kibwebwe, tayari kwa lolote. Upande wa kushoto alikaa Mama, ambaye tangu koti likatwe alikuwa ameazimia kwamba sheria za mkasi zisimhusu mtoto aliyemzaa yeye. Simu iliegemezwa kwenye pasi, na ndani yake umo uso wa Mjomba. Fundi alikuwa pembeni kwenye cherehani yake, anakanyaga, analimalizia koti, amewapa mgongo.

Shangazi akainuka. "Nimesimama, na nikisimama mimi mjue jambo limesimama. Ukoo huu umetoa nani? Umetoa mafundi, umetoa wapishi, umetoa mmoja aliyepanda ndege akashuka kabla haijaruka, eti tumbo. Leo tumepata mtu wa kutupeleka kwenye theluji, halafu kuna watu wananiletea habari za vyumba vya bure! Na hiyo mvua msiitaje kabisa. Mvua hata hapa ipo, tena inakufuata hadi chini ya kitanda."

"Wifi yangu," akajibu Mama, kwa ule upole ambao wenye akili huukimbia, "theluji haimchemshii mtu chai akiumwa. Mtoto akishikwa na homa, theluji itampapasa paji la uso? Itampapasa, sikatai, lakini si kwa mapenzi. Kaka yangu yuko kule, ana jiko, ana ufunguo wa pili. Damu nzito kuliko maji, wifi, hata maji yakiganda."

"Mpwa wangu, njoo!" ikanguruma simu. "Chumba kipo. Dirisha linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Huku tatizo ni moja tu, nalo ni—"

Hapo mtandao ukamwangusha Mjomba katikati ya uwanja. Uso wake ukabaki umeganda kinywa wazi, na tatizo la nchi ile halijajulikana hadi leo.

"Mmesikia?" Shangazi akasema. "Kuna tatizo."

"Amesema ni moja tu," Mama akajibu.

Ikawa vita. Shangazi alishambulia kwa heshima ya ukoo, Mama akajikinga kwa homa na mafua. Shangazi akaleta mtoto wa jirani aliyesoma nchi ya maana na sasa anaongea kwa puani; Mama akauliza kama kuongea kwa puani nako kunatolewa cheti. Kopo la pini likapinduka. Katikati ya vumbi lile alikaa Tepu, kidole juu ya kipanya, akiuongoza mshale mdogo wa kwenye kioo kutoka nchi hii hadi ile. Kila ulipopita kwenye Nchi ya Mvua aliupunguzia mwendo kidogo, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya ampendaye, kisha akaupitisha. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Na yeye, nasema kwa uchungu, hakujiuliza kwa sauti.

Nje jua likaanza kushuka nyuma ya mabati. Tepu akavuta pumzi, akauweka mshale kwenye Nchi ya Theluji. Basi, akajiambia, miaka minne si milele.

Ndipo cherehani ikanyamaza. Fundi akakata uzi wa kifungo cha mwisho kwa meno, akalibeba koti kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mbuzi, akasema, "Hebu livae kwanza."

Wakamvisha. Mama alishika mkono wa kulia, Shangazi wa kushoto, na kwa mara ya kwanza siku ile mawifi wakavuta upande mmoja. Vifungo vikafungwa, kola ikammeza hadi masikioni. Na Tepu, ambaye alikuwa na mwili wa unyasi, akawa mpana kuliko mlango. Mikono yake ikakaa mbali na mbavu na ikakataa kushuka.

"Limekukaa," alisema Shangazi, ingawa sauti yake haikuwa na hakika.

Tepu akageuka kuielekea kompyuta. Akanyoosha mkono, mkono haukukunjika. Akainama, koti halikuinama, likabaki limesimama naye akiwa ndani, ananing'inia. Akajaribu kwa ubavu, akasukuma chaki na sahani ya vifungo, lakini kipanya kilibaki kule mbali, shubiri moja kutoka ncha ya kidole, na shubiri ile ilikuwa pana kama bahari. Yaani ndani ya koti la Nchi ya Theluji, binti Fundi hakuweza kuichagua Nchi ya Theluji.

Kicheko kikamtoka kutoka ndani ya kola. Kikaendelea, kikaendelea, na katikati yake kikageuka kilio, na kilio kikaisukuma ile kauli iliyokuwa imemkaa kooni.

"Baba, sitaki kwenda kwenye theluji."

Hata Mjomba aliyeganda kwenye simu alionekana anasikiliza.

"Nani kakwambia uende?" Fundi akauliza.

"Koti."

"Koti linasema?"

"Umelikata, Baba. Na wewe kitambaa ukishakikata..."

Fundi akakaa juu ya stuli. "Si wewe uliyeitamani theluji? Ulisimama mbele ya televisheni, ukasema, Baba, ipo siku nitaishika ile nyeupe kwa mkono wangu. Nikasema nisije kuwa mimi wa kukuzuia."

"Nilikuwa na umri gani?"

"Ulikuwa bado unapima paka." Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Mwanangu, mimi nimelishona koti hili huku naomba usilihitaji."

Na hivi ndivyo, wasikilizaji, wapiganaji wawili, baba na binti, walivyokesha wakiilinda ngome moja, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake, kumbe ndani hamna mtu.

"Sasa unataka wapi?" Fundi akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza swali lile kuulizwa katika nyumba ile.

Tepu hakuweza kukunja mkono, lakini kunyoosha aliweza. Akanyoosha kuelekea ukutani, kwenye ule mstari wa tope. "Nchi ya Mvua. Kule inanyesha kuliko hapa, Baba, lakini maji yanaingia mitaroni, hayaingii madukani. Nataka nikajue wanafanyaje."

Fundi akautazama mstari. Alikuwa amebeba majora ya vitambaa mabegani mwake kila masika, akisimama majini hadi magotini, na hakuna siku aliyowaza kwamba mtoto aliyekuwa juu ya meza, akipima kina cha maji kwa futi, alikuwa anaweka ahadi. Akafungua mtoto wa meza, akatoa wembe.

"Vua."

"Baba..."

"Kitambaa kikishaonja mkasi hakirudi dukani," akasema Fundi. "Lakini nguo hufumuliwa. Bitana hii haipitishi maji. Nipe futi."

Tepu akaivua futi shingoni, na yule aliyempima kila mtu akasimama apimwe.

"Ngojeni kwanza!" akalia Shangazi. "Mimi mtaa mzima nimeshawaambia theluji! Nitawaambia nini?"

"Waambie imeyeyuka," akasema Mama. Alipolisema hilo akageuza uso, akajipangusa macho kwa haraka, kwa sababu na Nchi ya Mjomba nayo ilikuwa imeanguka, na ufunguo wa pili ungebaki bila mwenyewe.

Ukingo wa jua ulikuwa umebaki mwembamba kama uzi. Tepu akarudi mezani, mikono yake huru, myepesi. Akauongoza mshale ukapita theluji, ukampita Mjomba, ukatua kwenye mvua, na kidole kikashuka. Kompyuta, adui wa mwisho, ikauliza: Una hakika? Mashujaa wengi wa kale hawakuulizwa swali hilo, ndiyo maana vitabu vimejaa makaburi. Tepu alimtazama baba yake. Akabonyeza tena. Kompyuta ikashukuru, jua likazama, na simu ikazinduka ghafla kwa sauti ya Mjomba akimaliza sentensi yake: "—lakini utazoea!"

Fundi akashona jioni ile ile, bibi harusi akingojea tena. Lilipokwisha koti la mvua la ile bitana, jepesi, linalokunjika ndani ya mfuko, Tepu akalivaa mbele ya kioo, na jicho lake lisilodanganyika likaona kosa.

"Baba, mikono imezidi. Kwa inchi mbili."

"Najua," akasema Fundi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Miaka minne ni mingi. Nimeacha pindo, ukue nalo. Ukirudi, tutaona limebaki kiasi gani."

Andikeni basi, enyi wenye wino, na wenye chaki andikeni hata juu ya sufu ile iliyobaki imesimama kando ya mlango bila bitana na bila aibu: kwamba siku ile binti Fundi alibonyeza, dunia ikahama upande mmoja, na baba yake akaacha pindo.