Nilikwenda na Mashahidi Kuomba Kadi ya Mpaka

Leo nimeaibika mbele ya serikali na mbele ya kanisa kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni msusi, nina kiti changu katika saluni moja hapa ugenini, Berea. Mama yangu yuko nyumbani Lubumbashi, atapasuliwa mwezi ujao. Baba alipofariki, basi letu la kwenda nyumbani lilikwama siku mbili kwenye foleni ya mpaka wa Zimbabwe. Nilifika wameshazika. (Siwalaumu watu wa mpaka. Tulikuwa wengi mno.) Ndiyo maana niliposikia kuna kadi ya msafiri wa kuaminika, kwamba wenye nayo wanapita mstari wao mfupi, niliomba. Leo asubuhi nikaitwa kwenye mahojiano.

Barua ilisema nije na pasipoti na karatasi ya makazi. Basi. Lakini kwetu mtu hajisemei mwenyewe kwamba ni mwaminifu. Hata anayeposa huenda na watu wa kumsemea. Nikamchukua Pasta wetu, na Riziki tunayesuka naye.

"Dada, tunaenda kuomba kadi au kukuoza?" Riziki akauliza kwenye teksi.

Afisa alikuwa mama wa makamo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hawa ni nani?"

"Mashahidi wangu."

"Wa kesi gani?"

Pasta akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mama, huyu ni mtoto wangu kanisani. Miaka sita sijamkuta na uongo hata mmoja."

Afisa akamshukuru, akamwomba akae. (Alikuwa na adabu, lazima niseme.) Kisha akanigeukia mimi.

"Umewahi kuvuka mpaka na kitu ambacho hukukitaja?"

Riziki akanikanyaga mguu. Huenda ningesema hapana, sijui. Ila Pasta alikuwa ameshaniapia. Nikasema ndiyo, mwaka jana. Makayabu, yaani samaki wa chumvi, kilo nne, nimewafunika na vitenge.

"Ulikuwa unampelekea nani?"

Nikamtazama Pasta. Pasta akatazama dari.

"Mimi nililetewa tu," akasema mwishowe, polepole. "Sikuuliza wamepita wapi."

"Lakini Pasta," Riziki akasema, "si ulituma watu waulize kama samaki wamebaki?"

Afisa akajifunika uso kwa fomu yangu. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoishusha alikuwa ameshajikaza.

"Asante kwa kusema kweli," akaniambia. "Rudi uombe tena baada ya mwaka mmoja."

Mwaka. Na mama ni mwezi ujao. Lakini sioni alichokosea, swali aliuliza na mimi nilijibu.

Sasa nitaondoka wiki nzima kabla, nipange foleni na wenzangu tusioaminika. Pasta ameahidi kufunga na kuomba. Nanyi mwombeeni mama yangu, tafadhali. Ambaye bado anacheka amalize kwanza, ndipo aombe.