Mjomba Sideris Atimiza Miaka Mia na Minne

Jumapili, 2 Agosti

Siku mbaya. Upepo wa kaskazini umenichukulia kiti kimoja mpaka bondeni. Vimebaki vinne. Wateja wa leo: Padri Isidoros, aliyeomba maji, na paka, ambaye hakuomba kitu.

Baada ya ibada nilimvizia Zambeta nje ya kanisa. Ndiye mwoka mikate wa Petra ya Chini. Mjane, mikono ya unga, na macho yanayomfanya mtu asahau alichotaka kusema. Nikasahau. Ikabidi aseme yeye. Kwamba dada yake anamwita Piraeus, bandari ya Athene, wakaishi pamoja, afunge tanuri. Kwamba ataamua baada ya Sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano. Nikauliza ni kitu gani kingemfanya abaki. Akanitazama sana. Akasema angependa kuambiwa jambo moja la wazi, mchana kweupe, bila kona kona. Kisha akatania kwamba hata hivyo huku kwetu Petra ya Juu mtu atapanda kufanya nini, kukaa na paka?

Nimemwelewa vizuri. Anataka mkahawa wangu ujae watu.

Mkahawa wa Nomikos kule Chini unajaa kila siku. Njia ya mawe ya watalii inapita mlangoni pake. Mlangoni pangu wanapita mbuzi. Na Nomikos naye anammezea mate Zambeta, najua. Lakini akili ni nywele, na Nomikos ana upara.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimepata!

Wajerumani wawili, mume na mke, walipotea njia wakatokea uani kwangu. Mjomba Sideris alikuwa amelala juu ya ukuta wa mawe, kinywa wazi, kama kawaida yake akishakamua mbuzi. Hajanyoa tangu Pasaka. Mke akaninong'oneza, mzee yu hai? Nikasema yu hai. Mume akauliza ana umri gani.

Mjomba ana miaka sabini na sita. Kisiwa kizima kinajua. Lakini ulimi hauna mfupa. Niliusikia ukisema mia moja na minne.

Wakavua kofia, wote wawili. Wakaagiza kahawa, jibini, asali, kahawa tena. Mke akafuta chozi. Mjomba akajigeuza upande wa pili, akakoroma. Hata hilo walilipiga picha.

Jumatano, 5 Agosti

Nimesimika kibao kwenye njia panda, pale njia ya mawe inapogawanyika. MZEE WA MIAKA 104. HAI. KAHAWA IPO. Na mshale wa kupanda juu.

Mjomba alikubali upesi mno. Baadaye ndipo masharti yakaanza. Mtu wa miaka mia na minne hakamui mbuzi, kwa hiyo nakamua mimi. Hafungi pia. Saumu ya Bikira Maria si ya wakongwe, anasema, na anakula jibini mbele yetu huku Mama na mimi tunatafuna maharage. Anataka kiti chenye mito. Anataka divai asubuhi. Nilimkumbusha kwamba yote haya ni maigizo tu. Akasema, "Kijana, usibishane na mtu aliyekula chumvi nyingi."

Jumatatu alikuwa akiniita mpwa wangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Watu! Nimeazima viti vya kanisa. Padri Isidoros alitaka kujua ni vya nini, nikamwambia ni vya kumheshimu mzee. Si uongo.

Watalii wanauliza siri ya maisha marefu. Tulikubaliana ajibu: mboga za mwituni, mafuta ya zeituni, usingizi wa mchana. Leo ameongeza ya kwake. Siri kubwa, amesema, ni kubebwa kila inapowezekana. Wamembeba. Vijana wanne wa Kifaransa wamemzungusha kijiji kizima na kiti chake. Alipopita kwenye kinu cha upepo akasema alikijenga yeye na baba yake. Kinu kile kilijengwa na Waitaliano wa Venisi kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Hakuna aliyeuliza.

Nimemtumia Zambeta habari kwa dereva wa gari la mikate. Viti vimejaa! Akarudisha jibu kwamba amefurahi kwa ajili yangu, ila lile jambo la wazi bado hajalisikia. Sijui ana maana gani. Labda viti havijatosha.

Jumapili, 9 Agosti

Nomikos ameweka kobe.

Kibao chake ni kikubwa kuliko changu. KOBE WA MIAKA 150. Kobe huyo namfahamu. Mwaka juzi alikuwa bustanini kwa Padri akila kabichi, na alikuwa kobe wa makamo tu. Nomikos amempaka majivu gambani ili aonekane mkongwe. Nimeshuka kumwambia mbele ya watu kwamba ni aibu kudanganya wageni. Akaniuliza nani kadanganya, kobe hajasema neno. Akauliza pia Mjomba Sideris hajambo, na kama ameshapewa tena chanjo za utotoni.

Nusu ya watalii wangu wako kwa kobe. Mjomba amevimba kwa hasira. Anasema hawezi kushindanishwa na mnyama, nimpandishe afike mia na sitini. Nimekataa. Mimi ni mtu mwenye mipaka.

Ubora wa kobe ni mmoja tu: hana ndugu.

Jumanne, 11 Agosti

Mjomba anaye ndugu. Jambo hili lilinipita kabisa. Ni Mama yangu, Kaliopi, na ndiye mkubwa.

Mama kwa kweli ana miaka sabini na minane. Kwa watu ana sitini na tisa, na amekaa hapo muda mrefu bila kusogea. Leo alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta chokaa kwa ajili ya sikukuu. Mjomba akapaza sauti kutoka kwenye mito yake, dada aache kumrushia matone. Mtalii akauliza yule ni nani. Mjomba, bila kufikiri, akasema ni dada yake aliyemlea, amemzidi miaka miwili.

Niliiona hesabu ikipita vichwani mwao. Kisha makofi. Miaka mia na sita, na yuko juu ya ngazi!

Mama akauliza wanampigia makofi ya nini. Ikanibidi nimweleze. Akashuka polepole, brashi mkononi. Mbelgiji mmoja alikimbia kumshika asianguke. Mbelgiji huyo sasa ni mweupe kuanzia kofia hadi mkanda.

"Mwanangu," Mama akaniambia, "hiyo sitini na tisa nimeitunza kwa jasho langu. Wewe umeniongezea miaka thelathini na saba kabla hata sijala mchana." Akasema njia ya mwongo ni fupi. Amegoma kunipikia.

Lakini mkahawa umefurika. Kobe hawezi kupanda ngazi.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimekula zeituni na mkate, asubuhi na jioni.

Amekuja daktari mwanamke kutoka Vienna, miwani minene, kumsikiliza Mjomba moyo. Akasema ni moyo wa mtu mwenye umri mdogo kwa miaka thelathini. Nikasema hewa ya mlimani. Kisha akanigeukia. Kama mama yangu ana mia na sita, mimi nina mingapi?

Nina arobaini na tisa. Nikasema hivyo, mjinga mimi. Akatoa kalamu. Basi mama alinizaa akiwa na hamsini na saba, akasema. Haiwezekani. Wateja wote wakageuka. Niliona viti vitupu, nikaona Zambeta yuko kwenye meli. Nikasema samahani, nilikuwa natania. Mimi nina sabini na saba.

Nikangoja washangae. Nilisimama wima na kuingiza tumbo ndani.

Hawakushangaa. Wakatikisa vichwa kukubali. Daktari akasema ndiyo, sasa inalingana. Bibi mmoja akanipisha kiti.

Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu. Kile kioo kina kasoro.

Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu.

Ilianza vizuri ajabu. Vijiji vyote viwili uwanjani kwetu baada ya ibada, supu ya mbuzi kwenye masufuria makubwa, fidla, divai. Kila kiti kina mtu. Zambeta akapanda na sinia za mikate, gauni la buluu. Akaangalia viti, akanitazama, akacheka. Akakaa karibu nami! Nilikuwa nimechana nywele. Nampenda mwanamke huyu tangu shuleni, na ninaiandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Akanishika mkono twende tukacheze. Hatua tatu tu. Daktari akanivamia. Kwa umri wako, mzee, na jua hili! Akanikalisha, akanifunika mabega kwa shali. Zambeta akauliza umri gani. Daktari akamwambia.

Nomikos alikuwa nyuma yetu. "Jamani, njooni msikie! Stratis katimiza sabini na saba! Shikamoo babu. Supu tukutafunie?" Uwanja mzima ukacheka. Ningeweza kukana. Lakini macho ya watalii yote yalikuwa kwangu. Nikasema ni kweli.

Zambeta hakucheka. Akaniuliza taratibu kama nakumbuka shule yetu, mimi darasa la nne na yeye la pili, nilipomtia panzi kwenye mkoba. Nikasema nitasahauje.

"Basi mimi nina sabini na mitano," akasema.

Daktari akampongeza kwa ngozi yake.

Nomikos alikuwa bado amejishika mbavu. Mjomba Sideris, kutoka juu ya mito, akakumbusha watu kwamba Nomikos na mimi tulikaa dawati moja. Nomikos akaacha kucheka. Watalii wawili wakamwomba wapige naye picha. Hadi jua linazama darasa letu lote lilikuwa limevuka sabini, na wengi wao hawaniamkii.

Zambeta alikusanya sinia zake akashuka. Hakuniaga.

Jumatatu, 17 Agosti

Gari la mikate limeniletea bakuli. Ndani yake mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya uvuguvugu, kijiko, na kitambaa cha kufunga shingoni. Dereva alisema ni kutoka kwa Zambeta, kwa ajili ya fizi za babu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu ngazi. Amenipikia.

Kuna na ujumbe. Zambeta anasema bado hajaamua habari ya Piraeus, kwani mwanamke wa miaka sabini na mitano haamui kwa pupa. Atapanda keshokutwa yeye mwenyewe, tuongee.

Mama anasema mwanamke akikutumia mkate na kijiko hajakukataa, nenda ukamwambie unampenda, basi. Mama haelewi mambo haya. Mimi nimelifikiria jambo hili hadi mwisho. Zambeta ameumizwa na nini? Na umri. Nani alimpandisha? Mimi. Dawa yake?

Kumteremsha!

Jumatano, 19 Agosti

Nimepaka kibao kipya. CHEMCHEMI YA UJANA. Nyuma ya zizi kuna maji yanachuruzika kwenye mawe. Yananuka kidogo, lakini dawa zote zinanuka. Jumapili, mbele ya watalii, nitakunywa nikiwa na sabini na saba, nitaingia zizini, nitatoka nimenyoa, nina thelathini. Kisha nitamkaribisha Zambeta anywe na nitatangaza kwamba ana kumi na tisa. Kumi na tisa! Mama atakuwa na mingapi sijapiga hesabu. Mjomba amegoma kunywa. Amejipandisha mwenyewe hadi mia na kumi na mbili na anasema harudi nyuma.

Zambeta alikuja mchana, jua kali, hakuna mteja hata mmoja. Viti vya kanisa Padri alishavichukua. Akakaa kwenye kimojawapo cha vinne vyangu, akampakata paka. Akauliza kama nina neno la kumwambia.

Nikasema ninalo, tena kubwa. Ila si leo. Jumapili. Rangi haijakauka.

Akakitazama kibao. Akanitazama mimi.

"Stratis," akasema, "nimepanda mlima huu kwa miguu yangu. Niambie tu. Sitaki kibao."

Nikamwambia avumilie kidogo, atakuja kunishukuru. Akamweka paka chini taratibu. Akanitakia majira mema ya baridi, akashuka. Majira ya baridi, na Agosti haijaisha! Furaha imemchanganya.

Alhamisi, 20 Agosti

Rangi imekauka.

Leo hakuna mkate. Mama anasema tanuri limefungwa, na dereva alimshusha Zambeta bandarini alfajiri na masanduku mawili. Mama analia, sijui kwa nini. Ni wazi amekwenda Piraeus kumchukua dada yake waje kuona Jumapili. Nimewawekea viti viwili vya mbele. Dada yake nitampa kumi na saba.