Sauti Isiyotetemeka

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi mzima tangu Nadège ahamishiwe Beni. Aliondoka sijamwambia kwamba nampenda. Butembo imejaa watu, na hakuna mtu. Mimi, karani ninayerudi mara mbili kuhakikisha nimefunga bureau, ofisi yetu, njia ile ya Beni yenye hatari siiwezi. Lakini sauti haisimamishwi kwenye barrière, vizuizi vya barabarani! Nimemtungia wimbo. Nimeweka kwenye ordinateur, kompyuta yangu, programu ya kurekodi, pamoja na plugin: vijiprogramu vinavyoingia ndani yake na kurekebisha sauti. Yangu inatetemeka. Ipo plugin ya kuinyoosha. Nimeokoka!

Jumanne, 4 Machi
Plugin ya pili inaitwa compresseur. Nilidhani ni ile ya kujaza pumzi matairi ya pikipiki. Hapana. Inashusha makelele, inapandisha minong'ono. Imempandisha pia kuku wa Mama Victoire, mwenye nyumba wangu. Sasa tunaimba wawili. Mama Victoire amekuja kunipa pole. Alidhani nimefiwa.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi nimepakwa majivu kanisani. Jioni nimepata plugin ya mwangwi. Unaichagulia chumba cha kuigiza; changu kinaitwa Cathédrale, kanisa kuu. Mavumbi mimi, lakini mavumbi yenye mwangwi! Naimba Nadège, kuta zisizokuwepo zinajibu: Nadège... dège... dège. Ni mara ya kwanza jina hilo kunirudia. Nimeliimba mpaka umeme ukakatika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemtumia Nadège wimbo! Amejibu haraka, akiniita yaya, yaani kaka: "Yaya Kitsa, huyu muimbaji ni nani? Sauti yake hata haitetemeki!" Nimeogopa. Nimeandika: ni rafiki. Rafiki! Valentin, karani wa meza ya jirani kazini, alikuwa anasoma juu ya bega langu. Kesho anaenda Beni. Ameniambia, petit, mdogo wangu, usisumbuke, rafiki huyo nitakuwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nadège ametuma ujumbe wa sauti. Nimekaa kitandani kwanza, ndipo nikaifungua. Anasema Valentin alijitangaza kuwa ndiye muimbaji. Nadège akamwomba aimbe. Alipoimba, mbuzi wa jirani wakakata kamba wakakimbia. Ndipo Nadège akausikiliza wimbo upya, akamsikia kuku. Alipanga chumba kwa Mama Victoire kabla ya kuhamishwa. Mlio wa kuku yule anaujua. "Ni wewe, hapana mwingine! Mais ile sauti yako ya kutetemeka uliitia wapi? Njo ile niko nawaza. Kuya Beni, uniimbie."

Njo ile anawaza, ndiyo anayoikumbuka! Na ananiita Beni! Nimesikiliza mpaka simu ikazimika. Nimejaribu kuimba, sauti inatetemeka. Nimetafuta, nimepata: ipo plugin ya kutetemesha! Kesho nainyoosha sauti kwanza, kisha naitetemesha vizuri, nimtumie tena.